Filamu Nzima kwa Dakika Kumi: Thamani ya Matoleo Mafupi ya Nyumbani

Kabla ya video kuingia majumbani, aliyeipenda filamu hakuwa na njia ya kuimiliki. Aliitazama ukumbini wiki ilipopita mjini kwake, kisha akabaki kuisimulia na kungoja irudi. Hata televisheni ilipoenea, ni kituo kilichoamua filamu gani ionyeshwe, siku gani na saa ngapi. Lakini kwa muda wa miaka sitini hivi, kuanzia miaka ya 20 hadi mwanzoni mwa miaka ya 80, wapenzi wa filamu wa Ulaya na Marekani walikuwa na uchochoro mmoja. Katika maduka ya kamera na maduka makubwa ya mijini viliuzwa visanduku vyepesi vya kadibodi, juu vimechorwa Dracula au Chaplin, ndani mna rili moja ya filamu. Mnunuzi aliipeleka nyumbani, akaivisha kwenye projekta, akazima taa, akatazama filamu ya saa moja na nusu iliyopunguzwa ikawa ya dakika kumi, pengine tatu.

Matoleo hayo yana wakusanyaji wake mpaka leo, na kwa mtu wa nje shauku yao ni ya kushangaza. Filamu hizohizo sasa zinapatikana kwenye simu zikiwa nzima, safi, zenye rangi zake zote. Ya nini basi kuhangaika na kipande kilichokatwakatwa, chenye mikwaruzo, ambacho huenda kimeshageuka chekundu kuanzia mwanzo hadi mwisho? Jibu la haraka ni kumbukumbu za utotoni, na kwa wengi ni jibu la kweli. Hata hivyo halitoshi. Toleo fupi ni kazi yenye kanuni zake, iliyoumbwa na mambo matatu: urefu wa ukanda, bei, na haki za kampuni iliyotengeneza filamu. Anayeyafahamu hayo matatu ataelewa pia kwa nini kitu kilichouzwa kama makombo kimewahi kuwa shahidi pekee aliyebaki.

Kutoka ukumbini hadi sebuleni

Filamu za kumbi za sinema zilikuwa na upana wa milimita 35, na mpaka mwanzoni mwa miaka ya 50 nyingi zilitengenezwa kwa naitreti, nyenzo inayoshika moto upesi na inayoendelea kuwaka hata ikizamishwa majini, kwa kuwa hujitolea oksijeni yake yenyewe. Chumba cha projekta katika ukumbi kilijengwa kwa tahadhari ya moto. Sebule ya mtu, yenye mapazia na watoto, haikuwa mahali pa ukanda kama huo. Ndiyo sababu filamu ya nyumbani ilianza kwa ukanda wa asetati, ambao hauwaki kwa urahisi, na kwa upana mdogo uliopunguza gharama.

Kampuni ya Pathé ya Ufaransa ilitangulia, Desemba 1922, na mashine ndogo iitwayo Pathé-Baby iliyotumia ukanda wa milimita 9.5. Matundu ya ukanda huo hayakuwekwa pembeni. Yaliwekwa katikati, baina ya fremu na fremu, ili picha ienee karibu upana wote. Mafundi wa Pathé walibuni pia hila ya kubana matumizi. Filamu za zama hizo hazikuwa na sauti, hivyo maneno yaliandikwa kwenye skrini, na maandishi yanayopaswa kusomwa kwa sekunde kadhaa hula ukanda mwingi. Pathé walikata pengo dogo kwenye ukingo wa ukanda. Pengo lilipofika kwenye projekta, mashine iliisimamisha fremu moja ya maandishi kwa muda wa kutosha kusomwa, kisha ikaendelea. Maneno yaliyokuwa yakila mita nzima yakatosha katika fremu chache. Ufupishaji wa filamu za nyumbani, tangu mwanzo wake, ulikuwa suala la uhandisi kabla ya kuwa suala la usimulizi.

Mwaka uliofuata, 1923, Kodak ya Marekani ikaleta milimita 16. Mwaka 1932 ikaleta milimita 8, ambayo kwenye kamera ilikuwa ukanda wa milimita 16 unaopitishwa mara mbili, upande huu kisha upande ule, halafu kupasuliwa katikati. Mwaka 1965 ikaja Super 8. Upana wake ulibaki milimita 8, lakini matundu yalifanywa madogo ili kuipa picha nafasi kubwa zaidi. Super 8 ndiyo iliyobeba miaka ya neema ya biashara hii, na mkusanyaji wa leo akisema ana filamu za nyumbani, aghalabu ndiyo anayoikusudia.

Hesabu inayotawala hadithi

Futi moja ya Super 8 hubeba fremu 72. Filamu yenye sauti hupita kwenye projekta kwa kasi ya fremu 24 kwa sekunde. Kwa hiyo rili ya futi 200, yaani mita 60 hivi, ina fremu 14,400, nazo humalizika kwa sekunde 600: dakika 10. Rili ya futi 400 ni dakika 20. Ile ndogo ya futi 50, isiyo na sauti na yenye kuonyeshwa kwa fremu 18 kwa sekunde, ni dakika 3 na sekunde 20. Filamu ya dakika 90 huhitaji futi 1,800. Mwenye rili ya futi 200 amepata sehemu moja katika tisa.

Namba hizi ndizo msingi wa biashara yote. Ukanda ulikuwa ghali, na kila futi iliongeza bei dukani. Watengenezaji waliiuza filamu moja kwa ngazi: futi 50 nyeusi na nyeupe bila sauti kwa mtoto mwenye akiba ya mfukoni, futi 200 bila sauti kwa aliyejiweza kidogo, futi 200 za rangi na sauti kwa mwenye projekta ya kisasa, na futi 400 kwa mpenzi wa kweli. Ulaya, hasa Ujerumani na Uingereza, kulikuwa pia na seti za rili tatu, ambazo zikiunganishwa hufika karibu saa nzima. Filamu kamili zilipatikana, lakini bei yake iliwafaa wachache. Toleo fupi lilikuwa mapatano baina ya hamu ya mtazamaji na mfuko wake.

Wauzaji na bidhaa zao

Jina linalotajwa kwanza katika historia hii ni Castle Films ya Marekani, iliyoanzishwa na Eugene Castle mwaka 1924. Iliingia katika soko la nyumbani mwaka 1937 kwa tukio la habari: kuungua kwa puto kubwa la abiria, Hindenburg, huko New Jersey mwezi Mei mwaka huo. Watu waliosoma mkasa ule magazetini waliweza kuununua na kuutazama nyumbani. Mwaka 1947 Castle ikawa mali ya Universal, na kwa njia hiyo ikaifikia hazina ya filamu za kutisha za kampuni hiyo, za akina Dracula na Frankenstein, pamoja na vichekesho vya Abbott na Costello. Vizazi viwili vya watoto wa Kimarekani walizijua sura za mazimwi hayo kwanza kupitia rili za Castle.

Blackhawk Films ya Davenport, Iowa, ilishika njia nyingine. Iliheshimu filamu za kale, hasa zisizo na sauti na za wachekeshaji Laurel na Hardy, ikapendelea kuziuza zikiwa kamili pale ilipowezekana. Ken Films ya New Jersey iliuza vipande vya filamu za 20th Century Fox, na rili yake mashuhuri kuliko zote ni Star Wars ya futi 200. Uingereza kulikuwa na Walton Films, na baadaye Derann ya Dudley, ambayo iliendelea kuuza filamu za Super 8 hata baada ya mwaka 2000, wakati wengine walikuwa wamefunga zamani. Ufaransa kulikuwa na Film Office, na Ujerumani Piccolo na Marketing Film. Kila mmoja alikuwa na mkono wake wa ukataji. Wakusanyaji huitambua mikono hiyo na kuilinganisha, kwa maana filamu ileile iliyofupishwa na kampuni mbili hutoa hadithi mbili.

Mkasi wa mhariri

Hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe. Chukua Frankenstein ya mwaka 1931, iliyoongozwa na James Whale, ambayo ina urefu wa dakika 70 hivi. Mhariri amepewa dakika 10. Filamu ina wizi wa maiti makaburini, ubongo ulioibwa, usiku wa radi ambapo kiumbe anapata uhai, harusi, mtoto wa kike kando ya ziwa, msako wa wanakijiji wenye mienge na kinu cha upepo kinachoteketea. Aache nini?

Njia mbili zilitumika. Ya kwanza ni kuisimulia hadithi nzima kwa kurukaruka: kaburi kidogo, radi kidogo, ziwa kidogo, kinu. Mtazamaji anapata mwanzo, kati na mwisho, lakini kila tukio linafika kabla hajalingoja. Hofu katika filamu ya kutisha hutokana na kungoja, na kungoja ndiko kunakokatwa kwanza. Njia ya pili ni kuchagua matukio mawili au matatu na kuyaacha yapumue kwa mwendo wake wa asili, mengine yote yakitupwa au kuelezwa kwa sentensi moja ya maandishi. Hapo mtazamaji anapoteza hadithi lakini anabaki na filamu. Wakusanyaji hawajawahi kukubaliana ipi ni bora. Kwa maoni yangu, katika futi 200 njia ya pili hushinda karibu kila mara, na katika futi 400 au seti ya rili tatu, ya kwanza huanza kuwezekana. Dakika 10 zinatosha kuonyesha namna mwongozaji alivyojenga tukio. Hazitoshi kuonyesha namna alivyojenga filamu.

Kuna vitu ambavyo karibu kila mhariri alivikata bila huruma: utangulizi, mapenzi ya pembeni, wahusika wa kuchekesha wasiosukuma tukio, na mazungumzo ya kueleza. Vilivyobaki ni vitendo. Ndiyo maana filamu za mazimwi, vita, wachunga ng'ombe wenye bastola, vichekesho vya kuangukaangu­ka na katuni zilifaa sana, na tamthilia za familia hazikuuzika kwa urahisi. Mtu akitazama orodha za makampuni haya anaweza kudhani watazamaji wa nyumbani walipenda vurugu tu. Ukweli ni kwamba vurugu hufupika, na majonzi hayafupiki.

Matoleo yasiyo na sauti yalikuwa na tatizo la ziada. Filamu zilizotengenezwa kwa mazungumzo zilipouzwa bila sauti, mhariri alilazimika kuandika maneno machache chini ya picha, au kuweka ubao wa maandishi kati ya matukio. Mazungumzo ya dakika mbili yakawa sentensi moja. Star Wars, filamu iliyosifiwa mno kwa muziki na milio yake, iliuzwa pia kwa toleo jeusi na jeupe lisilo na sauti, lenye maandishi. Kwa mantiki ya leo hilo ni kichekesho. Kwa familia yenye projekta ya zamani, hiyo ndiyo Star Wars pekee iliyoweza kuingia nyumbani kwao: filamu ilitoka 1977, na kanda zake za video hazikufika madukani hadi 1982.

Majina nayo hayakusalimika. Kampuni ilipotoa kipande kimoja kutoka filamu ndefu, mara nyingine ilikipa jina jipya lililolingana na kile kilichobaki. House of Frankenstein ya 1944 iliipa Castle rili iliyoitwa Doom of Dracula, kwa kuwa ilichukua sehemu ya Dracula peke yake. This Island Earth ya 1955 ikageuka War of the Planets. Mkusanyaji asiyelijua hili anaweza kupekua vitabu vya filamu akitafuta kazi ambayo haikuwahi kuonyeshwa ukumbini kwa jina hilo. Kwa maana fulani kweli ni filamu nyingine, kwani mhusika wa kando amefanywa mhusika mkuu kwa nguvu ya mkasi.

Sauti ya Super 8 iliwekwa kwa mstari mwembamba wa sumaku uliobandikwa ukingoni mwa ukanda, sawa na ule wa kaseti. Sauti ya fremu fulani haikai kando ya fremu hiyo. Imetangulia mbele kwa fremu 18, kwa sababu kichwa cha kusoma sauti hakiwezi kukaa mahali pale pale palipo na lenzi. Fremu 18 ni robo tatu za sekunde. Ukanda ukikatika na mwenye nao akaondoa kipande kilichoharibika, picha inakosekana hapa na sauti yake inakosekana pale, na kwa muda mfupi mdomo husema neno lisilo lake. Mkusanyaji mzoefu husikiliza viunganisho kabla ya kuviona. Mstari huo wa sumaku ulileta pia uhuru usiotarajiwa: sauti iliweza kufutwa na kurekodiwa upya. Wapo waliorekodi upya sauti iliyo safi zaidi, na wapo waliobandika mstari kwenye filamu zilizonunuliwa kimya. Kwa hiyo nakala mbili za toleo lilelile zinaweza kutofautiana, kwa kuwa mwenye nyumba naye alishika usukani.

Haki ya kumiliki

Kulikuwa na sababu nyingine ya watu kuvithamini visanduku hivi, nayo ni sheria. Nakala za milimita 35 na nyingi za milimita 16 hazikuuzwa kwa watu binafsi. Zilikodishwa kwa kumbi, shule na vyama, na kampuni ikabaki mwenye mali. Nakala iliyoangukia mikononi mwa mtu ilikuwa na utata wa kisheria. Desemba 1974 maafisa wa FBI waliingia nyumbani kwa mwigizaji Roddy McDowall mjini Los Angeles, wakachukua mkusanyiko wake wa filamu. Hakushtakiwa mwishowe, lakini habari hiyo iliwatia baridi wakusanyaji wengi wa Marekani.

Rili ya Castle au ya Ken haikuwa na mashaka hayo. Iliuzwa hadharani, kwa idhini, na sharti lake lilikuwa moja: itazamwe nyumbani, isionyeshwe kwa kiingilio. Waswahili husema kibaya chako si kizuri cha mwenzio. Kipande cha dakika 10 ambacho ni chako kwa halali, unachoweza kukitazama usiku wowote na kukirudia mara mia, kilikuwa na thamani ambayo filamu nzima iliyofungiwa katika ghala la kampuni haikuwa nayo.

Kipande kilichookoa kizima

Thamani ya matoleo haya haikuishia kwa wanunuzi wake. Filamu za zamani zimepotea kwa wingi wa kutisha. Ripoti ya Maktaba ya Bunge la Marekani iliyotolewa mwaka 2013, iliyoandikwa na David Pierce, ilihesabu filamu ndefu zisizo na sauti 10,919 zilizotengenezwa Marekani. Asilimia 14 tu ndizo zilizosalimika kamili katika milimita 35 kama zilivyotolewa. Asilimia 11 nyingine zipo kamili, lakini katika matoleo ya nchi za nje au katika kanda za upana mdogo zenye picha hafifu zaidi. Yaani sehemu ya urithi uliopo leo ipo kwa sababu mtu fulani alikuwa na nakala ndogo.

The Lost World ya mwaka 1925, filamu ya madinosari iliyotangulia King Kong, ni mfano mzuri. Iliondolewa sokoni na nakala zake kuharibiwa. Kwa miongo mingi kilichojulikana ni toleo lililofupishwa la milimita 16, lililotengenezwa kwa ajili ya maktaba ya Kodascope ya Kodak, ambalo watu walilikodi kwa ajili ya nyumbani. Lilikuwa karibu nusu tu ya filamu. Hatimaye nakala yenye sehemu nyingi zilizokosekana ikapatikana katika hifadhi ya filamu ya Kicheki, na urejeshaji ukafanyika katika miaka ya 90. Bila toleo fupi, hata wa kuikumbuka na kuitafuta wangekuwa haba.

Mfano mkubwa kuliko huo ni wa Napoléon ya Abel Gance, iliyozinduliwa Paris mwaka 1927. Filamu ile ya saa nyingi ilikatwa na wasambazaji hapa na pale hadi ikapoteza umbo. Mwaka 1954 kijana wa shule wa Kiingereza, Kevin Brownlow, alipata rili mbili za toleo fupi la milimita 9.5. Alichokiona katika projekta yake ndogo, yaani kamera inayokimbia na ukataji wa kasi, kilimfanya aanze kutafuta rili nyingine, kisha kumtafuta Gance mwenyewe, kisha kuzunguka hifadhi za filamu akikusanya vipande. Urejeshaji wake ulionyeshwa Telluride, Colorado, mwaka 1979, Gance akiwa hai na akiwepo, na London mwaka 1980 ukiwa na muziki wa Carl Davis. Gance alifariki mwaka uliofuata. Mwaka 2010 Brownlow alitunukiwa Oscar ya heshima kwa kazi yake ya kuhifadhi historia ya filamu. Kazi ya nusu karne ilianza na bidhaa ya dukani ambayo wataalamu wa siku zile wangeidharau.

Mifano hii inafundisha jambo moja. Toleo fupi halikuhitaji kuwa kamili ili liwe na faida. Lilihitaji kuwa mahali pengi. Ghala moja likiungua, nakala zote zilizomo huungua pamoja. Rili elfu zilizotawanyika katika makabati ya watu haziwezi kupotea kwa siku moja.

Video ilipobisha hodi

Anguko lilikuwa la haraka. Sony ilileta Betamax mwaka 1975. Mwaka 1976 Universal na Disney zikaishtaki Sony, zikidai kwamba mashine ya kurekodi televisheni inavunja haki zao. Tazama mkanganyo huo: Universal ilikuwa mmiliki wa Castle, na mwaka 1977 iliibadilisha jina ikaiita Universal 8. Kwa mkono mmoja iliwauzia watu vipande vya filamu, na kwa mkono mwingine ilipigana mahakamani kuzuia wasijirekodie nzima. Mwaka huohuo wa 1977, Fox ilitoa idhini kwa kampuni ya Magnetic Video kuuza filamu zake 50 kwenye kanda za video, zikiwa kamili. Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua kesi ya Sony mwezi Januari 1984, kwa majaji watano dhidi ya wanne, ikaipa Sony ushindi, soko lilikuwa limeshaamua lenyewe. Nani angelipia dakika 10, azime taa, afunge projekta, ilhali kanda moja ilibeba filamu yote?

Visanduku vikapelekwa kwenye minada ya uani na majalalani. Picha ya Super 8 kwenye skrini ya mita mbili ilikuwa kubwa na mara nyingi tulivu kuliko ya video kwenye televisheni ya inchi 20, lakini urahisi ulishinda. Usiache mbachao kwa msala upitao: kanda za video nazo zimeshapita, na projekta nyingi za miaka ya 70 bado zinazunguka.

Magonjwa ya ukanda

Anayetaka kuanza kukusanya leo ajue kwamba ananunua kitu kinachozeeka. Kuna magonjwa mawili makuu. La kwanza ni la rangi. Nakala nyingi za rangi za miaka ya 60 na 70 zilichapwa kwenye kanda ambazo rangi yake ya samawati hupauka kwanza, na kinachobaki ni wekundu. Mapema miaka ya 80 zilianza kutumika kanda zinazodumu zaidi, kwa hiyo mwaka wa kuchapwa ni muhimu kuliko mwaka wa filamu. Nakala nyeusi na nyeupe, ambayo picha yake ni ya fedha, inaweza kuwa na umri mkubwa mara mbili na bado ikawa safi.

La pili ni siki. Asetati ikianza kuoza hutoa asidi ya asetiki, na kopo likifunguliwa harufu ya siki hupanda puani. Ukanda husinyaa, hujikunja, na mwishowe hauwezi kupita kwenye meno ya projekta. Joto na unyevu huharakisha, na mstari wa sumaku wa sauti huzidisha. Hakuna dawa ya kurudisha kilichooza. Kilichopo ni kupunguza mwendo kwa baridi na ukavu, na kuutenga ukanda mgonjwa na kanda nzima, maana mvuke wake huzidhuru zilizo jirani.

Nasi tulio huku

Huku kwetu kanda ndogo zilikuja kwa mlango mwingine. Kati ya 1935 na 1937, kule Vugiri katika milima ya Usambara, mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment ulitengeneza filamu fupi za mafunzo 35 kwa milimita 16, maelezo yake yakirekodiwa kwenye sahani za santuri kwa Kiswahili na lugha nyingine za eneo. Baada ya hapo magari ya sinema ya serikali yalizunguka vijijini kwa miaka mingi na projekta za upana huohuo. Ulaya ukanda mdogo ulikuwa mali ya mwenye nyumba. Huku ulikuja na gari na kuondoka na gari, na aliyeutazama hakuachiwa chochote mkononi. Hiyo ni sababu mojawapo ya filamu hizo kujulikana leo zaidi kwa maandishi kuliko kwa macho.

Hata hivyo si kila kitu kiliondoka. Katika nyumba za zamani za Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi na Unguja, na kwa ndugu waliohamia Uingereza, Kanada na Omani, kuna familia zilizokuwa na kamera na projekta, na kuna makopo ambayo hayajafunguliwa kwa miaka mingi. Baadhi yana harusi na sherehe za Idi. Baadhi huenda yana rili ya Chaplin iliyonunuliwa safarini.

Ukilikuta kopo kama hilo, usiharakishe kulivisha kwenye projekta ya zamani, kwa sababu mashine kavu hukwaruza na ukanda uliosinyaa hukatika. Linuse kwanza. Ukanda ukinuka siki, utenge na nyingine na utafute wa kuunakili kidijitali mapema. Usiponuka, usogeze kwa mkono mbele ya mwanga, usome maandishi ya ukingoni, uandike unachokiona, kisha ulihifadhi kopo mahali pa baridi na pakavu, mbali na dari ya bati. Umeshaunakili? Usiutupe ukanda wenyewe, kwa kuwa nakala ya kompyuta hupotea kwa hitilafu moja, na mashine za kesho zitasoma vizuri kuliko za leo. Na ikiwa ni toleo fupi la filamu ambayo dunia inayo nzima, bado litunze: ndilo linaloonyesha watu wa wakati ule waliruhusiwa kumiliki nini, kwa bei gani, na ni nini walichoona hakikatiki.